Peptidi ya Pete Haishiki Protini Yake: Tatizo Litafutwe Wapi

Protini nyingi zinazopitisha ishara ndani ya seli zina tabia moja inayowatesa watengenezaji wa dawa: hazina shimo la kina. KRAS, Grb2, Grb7 na nyingine za aina hiyo hushikana na wenzake kwa nyuso pana, na molekuli ndogo ikifika pale haipati pa kujishikiza. Peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, inao upana unaohitajika. Ukiziunganisha ncha zake ikawa pete, inapunguza kuyumba, inachelewa kukatwa na vimeng'enya, na baadhi hupata hata uwezo wa kupenya utando wa seli.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule ambaye tayari ana peptidi yake kwenye kichupa na matokeo hayaeleweki. Msimamo wangu ni kwamba mfuatano wa asidi amino uguswe mwisho. Anza na molekuli yenyewe, halafu protini, halafu kipimo. Kubadili mfuatano kunakula wiki kadhaa na fedha nyingi, ilhali kurudia uchunguzi wa masi ni kazi ya asubuhi moja. Tena ukibadili mfuatano kabla ya kujua kilichomo kwenye kichupa, utakuwa unafasiri tabia za kitu kingine kabisa.

Masi ni sahihi, lakini peptidi haifanyi kazi

Tuchukue pete ndogo inayojulikana sana, yenye asidi amino tano: ajinini, glisini, asidi ya aspatiki, fenilalanini ya umbo D (kinyume cha kioo cha umbo la kawaida, L), na valini. Kundi la Horst Kessler huko Munich liliieleza mwaka 1991, na inazuia integrini αvβ3, kipokezi ambacho seli hukitumia kujishikiza na kupokea ishara kutoka nje. Kabla ya kufungwa, mnyororo wake ulionyooka hutoa ioni yenye m/z (masi kwa kila chaji) 593.3. Pete ikifungika molekuli moja ya maji hutoka, Da (daltoni) 18 zinapungua, na unatarajia kuona 575.3. Umeiona. Usiende popote bado.

Mnyororo mmoja unaweza kushikana na mwenzake badala ya kujifunga wenyewe, ukapata pete kubwa ya asidi amino kumi. Masi ya pacha huyo ni maradufu, lakini akibeba protoni mbili anatokea palepale kwenye 575.3. Kinachomfichua ni vilele vya isotopu. Kuza picha mpaka uvione kimoja kimoja: vikiachana kwa 1, una pete moja; vikiachana kwa 0.5, una pacha. Chanzo karibu kila mara ni mchanganyiko mzito mno. Shuka hadi 1 mM au chini ya hapo, na peptidi uidondoshe polepole ndani ya kiunganishi (kemikali inayofunga pete) badala ya kuimwaga yote mara moja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Asidi ya aspatiki inaweza kujikunja yenyewe na kupoteza maji, hasa ikifuatwa na glisini, serini au asparajini. Nayo inapunguza Da 18 vilevile. Kwa hiyo mnyororo ulionyooka wenye aspatiki iliyojikunja una masi ileile ya pete halali. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni anhidridi ya asetiki pamoja na besi kidogo. Pete iliyofungwa kichwa kwa mkia haina amini huru, hivyo kama peptidi haina lisini masi yake haitabadilika. Mnyororo ulio wazi utaongezeka Da 42. Ukiona pia kilele kilichozidi Da 67 juu ya mnyororo, hiyo ni piperidini iliyoivamia aspatiki iliyojikunja, na ushahidi umekamilika.

Kosa la tatu halijifichi, ila wengi hawalitambui: kilele kwenye 691.4, yaani Da 98 juu ya mnyororo ulionyooka. HATU, mojawapo ya viunganishi, imeziba ncha ya amini, na mnyororo huo hautafungika tena hata usubiri wiki nzima. Tumia kiunganishi cha PyBOP kwa hatua ya kufunga, au angalau usizidishe HATU.

Mahali pa kufungia pete pana uzito kuliko kiunganishi. Kwa pete hii ya Kessler, anza mnyororo na aspatiki umalizie na glisini. Glisini haina upande wa L wala D, kwa hiyo haina cha kupoteza, na wembamba wake unaacha ncha mbili zikutane. Ukimalizia na fenilalanini au valini, sehemu yake inaweza kugeuka upande wakati wa kufunga, na mashine ya masi haitakuambia lolote.

Vilele viwili kwenye kromatografia, masi moja

Kusanya kilele kimoja peke yake, kiache kwenye joto la kawaida kwa saa chache, kisha kipitishe tena. Vikirudi viwili, una molekuli moja yenye maumbo mawili yanayobadilishana, na mara nyingi mhusika ni prolini au asidi amino yenye methili kwenye naitrojeni. Pandisha joto la safu hadi 60 °C uone kama vinaungana. Kikibaki kimoja, basi una molekuli mbili tofauti, na moja yao huenda imegeuka upande wakati wa kufungwa. Zipime zote mbili dhidi ya protini. Usichague iliyo nyingi kwa sababu tu ni nyingi.

Pete ni safi, lakini hakuna kushika hata kidogo

Sasa geukia protini. Protini za ishara ni swichi, na swichi ina hali zaidi ya moja. Swali la kuuliza ni kama protini uliyonayo iko katika hali ambayo peptidi ilibuniwa kuishika.

Kwenye integrini, kaboksili ya aspatiki hushika ioni ya metali iliyokaa kwenye mfuko wa kipokezi. Pasipo magnesi au manganizi hakuna kushika. EDTA (kemikali inayonyakua metali) kidogo tu iliyobaki kutoka hatua ya kusafisha protini inatosha kukupa sifuri safi kabisa, inayofanana na peptidi mbovu. Soma karatasi ya bafa ya protini uliyonunua kabla ya kusoma kitu kingine.

Kwenye KRAS, tofauti ni nukleotidi iliyobebwa: GDP (swichi imezimwa) au GTP (imewashwa). Protini ikitengenezwa kwenye bakteria, kwa kawaida hutoka ikiwa imebeba GDP. Peptidi inayoitwa KRpep-2d, iliyotolewa na watafiti wa kampuni ya Takeda kwa njia ya faji (virusi vya bakteria vinavyobeba peptidi nyingi za kuchujwa) na kutangazwa mwaka 2017, hushika KRAS yenye badiliko la G12D na hupendelea hali ya GDP. Wewe ukijaza protini yako GppNHp, ile nakala ya GTP isiyokatika, halafu ukapata nguvu ndogo ya kushika, peptidi haina kosa. Kumbuka pia kwamba EDTA huondoa magnesi, magnesi ikitoka nukleotidi inalegea, na protini isiyo na nukleotidi huharibika haraka. Kundi jipya la protini likikataa kufanya kile ambacho la zamani lilikifanya, pima nukleotidi iliyomo kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Grb7, kwa sababu chanzo kilikuwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Peptidi ya G7-18NATE ina asidi amino 11, imefungwa kwa thioetha (daraja la salfa moja), na hushika sehemu ya SH2 ya Grb7, inayopokea tairosini yenye fosfeti (fosfotairosini), bila peptidi kuwa na fosfeti yake yenyewe. Hilo ni jambo la thamani, maana fosfotairosini hubeba chaji hasi mbili, haipenyi seli, na vimeng'enya huikata. Lakini nguvu ya kushika iliyopimwa ilikuwa ikitofautiana. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kwamba fosfeti iliyomo kwenye bafa ndiyo inayoongeza nguvu na uchaguzi wa peptidi hiyo. Inaeleweka ukifikiri: mfuko wa SH2 umeumbwa kupokea fosfeti, na peptidi isiyo nayo inaacha nafasi. Anayepima kwenye bafa ya Tris, isiyo na fosfeti, na anayepima kwenye bafa ya fosfeti watapata majibu mawili, na wote wawili watakuwa wamepima sawasawa. Ndani ya seli fosfeti ipo kwa kiwango cha milimola, kwa hiyo kwa sehemu za SH2 mimi ningepima kwenye bafa zote mbili tangu siku ya kwanza.

Inashika vizuri kupita kiasi, au inashika kila kitu

Namba nzuri nayo ni dalili. Ikiwa kipimo chako cha ushindani kinatumia protini ya nM 50, hakiwezi kuonyesha IC50 (kiwango cha peptidi kinachopunguza kushika kwa nusu) iliyo chini ya takriban nM 25, hata peptidi iwe bora kiasi gani. Peptidi zako tano bora zikijazana zote kwenye namba hiyo, umefika sakafu ya kipimo, na hujui ipi inashinda. Punguza protini, au nenda kwenye kipimo cha kasi ya kushika na kuachia.

Mkunjo usiofika kikomo, au peptidi tatu nne zinazoonekana kukaa juu ya protini moja, humaanisha madonge. Pete zenye mafuta mengi hujikusanya. Ongeza sabuni ya Tween-20 ya asilimia 0.01, zungusha sampuli kwa kasi kabla ya kupima, na uhakikishe kiyeyushi cha DMSO ni sawa kila mahali. Rangi ya kumulika uliyobandika nayo ni mtuhumiwa: pima peptidi isiyo na rangi ikishindana na yenye rangi.

Kama peptidi imetoka kwenye maktaba ya faji, itazame kwa macho kabla ya kuiagiza. Histidini-prolini-glutamini zikifuatana ndani ya pete, hicho kilichonaswa ni streptavidini ya shanga zako za kunasia, siyo protini unayoitafuta. Mfuatano uliojaa triptofani na tairosini bila mpangilio huenda unapenda plastiki ya sahani. Kwa duru zijazo, pitisha kwanza maktaba kwenye shanga tupu, na ubadilishe uso wa kunasia kila baada ya duru.

Na kipo kipimo kimoja kinachomaliza ubishi mwingi: tengeneza pete ileile kwa asidi amino zilizogeuzwa upande, L zote ziwe D na D ziwe L. Ina mafuta yaleyale, chaji ileile, masi ileile. Ikishika kama ya kwanza, hujapata kushika kunakotegemea umbo.

Mnyororo ulionyooka unashika kuliko pete

Hapa sasa ndipo ubunifu wenyewe unapohojiwa, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Pete peke yake haina faida yoyote. Faida inatokana na kulipia mapema: mnyororo huru una maumbo mengi na lazima uyaache ili ushike, wakati pete inayaacha wakati wa kutengenezwa. Lakini ukiugandisha kwenye umbo lisilo lile protini inalolitaka, umelipia kitu kisichotumika, kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama kifungio kimekaa njiani. Kama una picha ya fuwele ya protini na mnyororo wake, angalia ni ncha zipi ziko karibu na zinatazama nje. Kama huna, badilisha kila asidi amino kwa alanini, moja baada ya nyingine, kwenye mnyororo ulionyooka. Zile ambazo alanini haiziumizi ndizo za kufungia. Kufunga kupitia asidi amino inayogusa protini ni kujikata mkono.

Swali la pili ni ukubwa. Ongeza au punguza glisini moja kwenye kifungio, uangalie mwelekeo. Nguvu ikipanda kwa kurefusha, pete ilikuwa imebana. Isipobadilika hata kidogo kwa urefu mbalimbali, pete bado inayumba, na inahitaji kona ngumu: prolini ya D ikifuatwa na ya L, au asidi amino moja ya D mahali pa kona.

Kazi ya Kessler inaonyesha hili kwa uwazi usio na mfano. Herufi tatu zinazoshika, ajinini-glisini-aspatiki, hazikubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa asidi amino ya D katika pete, na hilo ndilo lililoamua integrini ipi ishikwe na ipi iachwe. Baadaye methili moja tu kwenye naitrojeni ya valini ilitoa cilengitide, yenye masi ya Da 588, ambayo ilifika hadi majaribio makubwa ya kitabibu kwa saratani ya ubongo. Majaribio hayo hayakuongeza maisha ya wagonjwa, kama ilivyotangazwa mwaka 2014. Hilo linasema mengi kuhusu integrini kama shabaha ya saratani hiyo, lakini halipunguzi ubora wa pete.

Tahadhari moja kuhusu picha za NMR, zinazosoma umbo la molekuli ikiwa kwenye kiyeyushi. Umbo la peptidi likiwa peke yake kwenye kiyeyushi huenda lisiwe lile la kushika. Siklosporini, pete ya asidi amino 11 ambazo 7 zina methili kwenye naitrojeni, ikiwa kwenye klorofomu ina kiungo kimoja cha sisi (cis, minyororo ikiwa upande mmoja) kati ya nafasi ya 9 na 10. Ikishika siklofilini, kiungo hicho ni transi (trans, pande tofauti). Anayeunda nakala zake kwa kufuata umbo la klorofomu anafuata umbo lisiloshika. Na kwa kuwa kugeuka kwa kiungo hicho ni polepole, kipimo cha dakika tano kinaweza kuonyesha kushika hafifu ambako kwa saa mbili kungekuwa kuzuri. Acha mchanganyiko ukae, upime tena.

Kompyuta ilisema ndiyo, maabara imesema hapana

Kagua kwanza kama programu ilijua kwamba ni pete. Mifumo iliyofunzwa kwa protini za kawaida huziona ncha mbili kuwa mbali mno mpaka iambiwe vinginevyo, na nyingi hazielewi asidi amino za D. Kisha angalia kama uso wa protini ulioutumia hutembea: kwenye KRAS, eneo la swichi II lina sura tofauti karibu katika kila picha ya fuwele, na kubuni juu ya picha moja ni kubahatisha.

Zana zimeboreka sana. Njia ya kubuni pete kwa kompyuta ya RFpeptides ya Chuo Kikuu cha Washington, iliyochapishwa mwaka 2025, ilijaribu pete 20 au pungufu kwa kila protini, na kwa protini za GABARAP na RbtA ikafika nanomola. Kwa MDM2 na MCL1 ilifika mikromola. Usitarajie zaidi ya hapo kwa pigo la kwanza, na usiitupe pete ya mikromola: ndiyo mwanzo mzuri.

Inashika kwenye kichupa, inanyamaza kwenye seli

Uliza mambo matatu kwa mpangilio: je, inabaki nzima, je, inaingia, je, iko huru?

Uzima: kama umefunga kwa daraja la salfa mbili, ndani ya seli glutathioni ipo kwa mM 1 hadi 10 na itaifungua pete yako. KRpep-2d imefungwa hivyohivyo, kati ya sisteini mbili, na ndiyo maana waliofuata walitafuta vifungio visivyofunguka. Tumia thioetha au amaidi. Nje ya seli madaraja ya salfa yanavumilia zaidi. Kalata B1, pete ya asidi amino 29 yenye madaraja matatu ya salfa, ilijulikana kwa sayansi kupitia majani ambayo akina mama wa Kongo waliyachemsha na kuyanywa ili kuharakisha uchungu wa uzazi, jambo lililoandikwa na daktari Lorents Gran kutoka Norwei. Ilistahimili maji yanayochemka na tumbo.

Kuingia: kupenya utando tupu wa maabara siyo kufika kwenye sitosoli, yale majimaji ya ndani ya seli. Peptidi zenye ajinini nyingi huingia seli, lakini nyingi hubaki zimefungiwa kwenye vifuko, na darubini itakuonyesha mng'ao mzuri usio na maana. Kipimo cha kundi la Joshua Kritzer, kinachobandika klorini-alkani na kuhesabu zile tu zilizokutana na kimeng'enya ndani ya sitosoli, kinajibu swali sahihi. Kuboresha kupenya, punguza chaji na ufiche haidrojeni za amaidi. LUNA18 ya kampuni ya Chugai, pete ya asidi amino 11 inayoshika RAS (familia ya KRAS) na kumezwa kama kidonge, imefika kwenye majaribio ya kitabibu kwa njia hiyo, bila mkia wa ajinini.

Uhuru: pete yenye mafuta hushikwa na protini za seramu. Rudia jaribio kwa seramu kidogo. Kama kazi inarudi, umepata jibu.

Seli zinakufa upesi mno

Kuzima ishara ya RAS huonekana kwanza kwenye ERK yenye fosfeti (protini inayopokea ishara ya RAS), ndani ya saa moja au mbili, na kifo hufuata baadaye sana. Seli zikifa ndani ya nusu saa, utando umetobolewa. Pima kimeng'enya cha LDH kilichovuja kwenye kimiminika. Chaji chanya na mafuta kwa pamoja ndiyo mchanganyiko unaotoboa, na peptidi nyingi zilizosifiwa kwa nguvu zake zilikuwa zikitoboa tu. Badilisha chumvi ya TFA (asidi inayotumika kusafisha peptidi) iliyobaki kutoka kwenye usafishaji kwa asetati au kloridi, maana nayo hudhuru seli.

Kila jaribio la seli liwe na pete ya ulinganisho yenye badiliko moja linaloua kushika na kuacha chaji na mafuta vilevile, na pia aina ya seli isiyotegemea protini hiyo. Pete ya ulinganisho ikiua sawa na halisi, au seli zisizotegemea RAS zikafa pamoja na zinazoitegemea, rudi kwenye kemia kabla ya kuandika neno lolote kuhusu ishara.